Dhahabu ya Kubandika

Sherehe za kwanjula, yaani utambulisho wa bwana harusi kwa wakwe, jijini Kampala siku hizi hupambwa kwa viti viwili vya kukodi: migongo mirefu, taji juu, vichwa vya simba kwenye mikono, na kote kunametameta rangi ya dhahabu. Umbo hilo asili yake ni majumba ya wafalme wa Ufaransa, zama za Louis XIV na Louis XV. Lakini simba wake amefika Buganda akakuta mwenyeji. Hapa mfalme, Kabaka mwenyewe, huitwa Mpologoma, yaani Simba, na mnyama huyo yumo katika nembo ya ufalme pamoja na ngao na mikuki. Mwalikwa wa Kiganda huisoma nakshi ile kwa macho ya Mengo, kwenye kasri la Kabaka, wala Versailles ya wafalme wa Ufaransa haimpitii akilini.

Nakshi haina shida; tatizo liko kwenye jina la kazi ya kuipa mbao sura ya dhahabu. Kila mbao inayong'aa tunasema “imepakwa dhahabu”. Viti vya kale havikupakwa. Fundi alichonga mti, akaufunika kwa tabaka kadhaa za chaki na gundi, akapitisha udongo laini mwekundu, akalowesha, ndipo akalaza dhahabu iliyofuliwa ikawa nyembamba mno: gramu moja hutosha karibu nusu mita ya mraba. Mwisho aliisugua kwa jiwe la akiki mpaka ing'ae. Tazama kingo zilizochakaa za kiti cha namna hiyo, utauona ule wekundu ukichungulia.

Kazi hii naiita kubandika dhahabu. Kuchovya tuwaachie masonara, maana mkufu huchovywa, kiti hakichovyeki. Njumu nayo ni ufundi mwingine kabisa: mti huchimbwa kwanza, kisha pembe, mfupa au fedha hupachikwa ndani, kama katika viti vya enzi vya mpingo vya Lamu na Zanzibar, ambavyo fahari yake haikuhitaji dhahabu. Na vile vya kukodi vina rangi ya dhahabu tu, mara nyingi unga wa shaba na zinki ndani ya vanishi. Shaba hiyo hufifia na kuwa nyeusi kadiri miaka inavyopita.

Aliyerithi fremu ya kale ya kioo asiambiwe “imepakwa”, kwani atachukua kitambaa chenye maji aifute. Gundi iliyo chini ya dhahabu ya kubandika huyeyuka kwa maji, na dhahabu yote huondoka na kitambaa.