Mdunguaji wa kwenye gemu na yule wa Kollaa

Kama umewahi kucheza gemu ya vita, huyu unamjua. Unatambaa kwenye magofu, mara juu ghorofani kitu kinametameta. Mdunguaji wa adui! Una sekunde mbili tatu za kujificha, halafu unamrudishia.

Umeshajiuliza kwa nini anametameta? Wabunifu wamemtengeneza makusudi aonekane. Ukiuawa na mtu usiyemwona utahisi umeonewa, na pengine utazima gemu. Ndiyo maana adui anapewa mng'ao wa darubini, na katika baadhi ya gemu risasi yake ya kwanza hupangwa ikukose.

Sasa hebu twende Finland, wakati wa baridi kali. Tarehe 30 Novemba 1939 jeshi la Umoja wa Kisovieti lilivamia nchi hiyo. Katika eneo la Kollaa alikuwapo mkulima mmoja mfupi, Simo Häyhä. Kwa takriban siku 100 alihesabiwa kuua zaidi ya askari 500, ingawa idadi kamili bado inabishaniwa. Na darubini hakuitumia! Kioo hung'aa juani, hushika ukungu kwenye baridi, tena humlazimisha mlengaji kuinua kichwa kidogo. Yeye alilenga kwa vyuma vya kawaida vilivyo juu ya mtutu. Inasimuliwa pia kwamba aliweka theluji mdomoni ili mvuke wa pumzi usimsaliti.

Fizikia nayo ilikuwa upande wake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Risasi ya bunduki kama yake ilitoka mtutuni kwa kasi ya karibu mara mbili ya hiyo. Maana yake nini? Risasi hufika kabla ya mlio. Aliyelengwa hakusikia bunduki ikilia; wenzake ndio waliosikia, na kwa kuwa hakuna kilichometameta, hawakujua wajifiche upande gani.

Kwa hiyo gemu imeigeuza historia kichwa chini miguu juu: mdunguaji halisi aliishi kwa kutoonekana, wa kwenye gemu yupo ili aonekane na ashindwe. Siwalaumu wabunifu, maana gemu isiyokupa nafasi ya kushinda nani ataicheza? Ila tusidhani kwamba tukishacheza tumeijua vita.

Hata Häyhä hakusalimika. Tarehe 6 Machi 1940 alipigwa risasi ya taya, uso ukaharibika vibaya. Wiki moja baadaye vita vikaisha. Yeye akaishi hadi 2002.

Siku nyingine ukiuona ule mng'ao dirishani, kumbuka kuwa ni zawadi ya mbunifu kwako. Vijana wa Kisovieti waliotumwa Kollaa hawakupewa hata sekunde moja.