Ufunguo wa leseni ya Windows: Unakohifadhiwa na jinsi ya kuupata tarakilishi ikifutwa

MTU hupeleka tarakilishi kwa fundi ikiwa nzito au imevamiwa na virusi, akarejeshewa kesho yake ikiwa safi kama mpya. Anapoiwasha hukumbana na ujumbe kwenye kioo unaomtaka aingize ufunguo wa leseni ambao hajawahi kuuona.

Wengi hudhani kwamba leseni waliyolipia imetoweka pamoja na faili zilizofutwa. Baadhi yao hununua nyingine, na wengine humruhusu fundi kuweka programu ya kuvunja ulinzi wa mfumo. Aghalabu gharama na hatari hizo hazihitajiki, kwa kuwa leseni ya awali ingali ipo. La muhimu ni kujua ilikohifadhiwa, na jambo hilo hutegemea umri wa tarakilishi na jinsi leseni ilivyopatikana.

Ufunguo wa Windows huwa na herufi na tarakimu 25 zilizogawanywa katika makundi matano. Tangu Windows XP ilipotolewa mnamo 2001, mtumiaji wa kawaida hutakiwa kuuamilisha mfumo, yaani kuithibitishia kampuni ya Microsoft kwamba nakala yake ni halali na haitumiki kwenye mashine nyingine.

Kabla ya kutafuta ufunguo, ni vyema kuhakikisha iwapo kweli unahitajika. Katika kisanduku cha amri, mtumiaji aandike slmgr /xpr kisha abonyeze kitufe cha Enter. Dirisha dogo litaeleza iwapo mfumo umeamilishwa.

Tarakilishi za zamani

Mashine zilizouzwa zikiwa na Windows XP, Vista au Windows 7 zilibandikwa kibandiko chenye ufunguo. Kwenye tarakilishi ya mezani kibandiko hicho hupatikana ubavuni au nyuma ya kasha. Kwenye kipakatalishi huwa chini ya mashine, au ndani ya nafasi ya betri.

Iwapo maandishi yamefifia, inafaa kukumbuka kuwa funguo hizi hazitumii irabu A, E, I, O na U, wala tarakimu 0, 1 na 5. Kwa hivyo alama inayofanana na O huenda ikawa Q au D. Herufi Z pia haitumiki. Inayofanana nayo ni 2.

Katika mashine hizo, ufunguo ulio kwenye kibandiko aghalabu hutofautiana na ule unaosomwa ndani ya mfumo. Watengenezaji wakubwa walitumia ufunguo mmoja kwa mashine nyingi walipokuwa wakiweka Windows kiwandani. Ule wa kibandiko ndio wa mwenye mashine, na ndio anaopaswa kuuingiza baada ya kuweka mfumo upya.

Ufunguo uliomo kwenye chipu

Mambo yalibadilika Windows 8 ilipotolewa Oktoba 2012. Watengenezaji walianza kuhifadhi ufunguo kwenye chipu iliyo katika ubao mkuu wa saketi, ambao mafundi huuita madabodi. Kufuta diski, au hata kuibadilisha, hakuugusi ufunguo huo. Windows inapowekwa upya huusoma yenyewe.

Anayetaka kuuona anaweza kufungua programu ya PowerShell na kuandika:

Get-CimInstance SoftwareLicensingService | Select-Object OA3xOriginalProductKey

Ikiwa nafasi ya jibu ni tupu, basi mashine hiyo haina ufunguo kwenye chipu.

Hata hivyo, mashine yenye ufunguo inaweza kukataa kuamilishwa ikiwa fundi ameweka toleo lisilolingana na leseni. Mathalan, tarakilishi iliyouzwa na toleo la Home haitaamilishwa kwa ufunguo wake ikiwa imewekwa toleo la Pro. Suluhisho ni kuweka upya toleo la awali. Hakuna haja ya kununua ufunguo mwingine.

Leseni isiyo na ufunguo

Windows 10, iliyotolewa Julai 2015, ilileta leseni ya kidijitali. Utambulisho wa mashine huhifadhiwa katika rekodi za Microsoft, na mfumo hujiamilisha punde unapounganishwa na intaneti. Wakati wa kuweka upya, mtumiaji huchagua kuendelea bila kuingiza ufunguo. Leseni hiyo hutumika pia kwa Windows 11 kwenye mashine inayokidhi masharti yake, jambo lenye uzito kwa sababu msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025.

Programu za kusoma funguo huwachanganya watu katika mashine kama hizi. Huonyesha ufunguo unaoishia kwa 3V66T kwa toleo la Pro au 8HVX7 kwa toleo la Home. Huo ni ufunguo wa jumla unaotumiwa na mashine nyingi mno, na kuuandika kando hakumsaidii mtu.

Madabodi ikibadilishwa, Windows huichukulia tarakilishi kuwa mashine mpya. Ndiyo sababu mtumiaji hushauriwa kuiunganisha leseni na akaunti yake ya Microsoft kabla ya ukarabati huo. Baadaye ataingia katika sehemu ya Activation kwenye Settings na kueleza kuwa amebadilisha kifaa. Hata hivyo, leseni iliyouzwa pamoja na mashine hairuhusiwi kuhamishiwa tarakilishi nyingine.

Wakati ufunguo hupotea kweli

Hatari ipo kwa aliyenunua ufunguo peke yake, dukani au kwa barua pepe, kisha akapoteza karatasi au ujumbe huo. Nakala pekee iliyosalia huenda ikawa kwenye diski, ndani ya rejesta ya Windows. Diski ikifutwa kabisa, nakala hiyo nayo huenda.

Ikiwa fundi aliweka mfumo mpya bila kufuta diski, ule wa zamani huhamishiwa kwenye folda iitwayo Windows.old. Programu kama ProduKey inaweza kuusoma ufunguo kutoka humo. Ni sharti kuharakisha, kwani Windows 10 na 11 huifuta folda hiyo baada ya siku 10.

Wanunuzi wa tarakilishi zilizotumika ng'ambo nao wawe macho. Mashine iliyotoka katika kampuni kubwa huenda ilikuwa ikitumia leseni ya jumla ya kampuni hiyo, na leseni ya aina hiyo haimfuati mnunuzi. Wanunuzi kama hao watafute kibandiko au ufunguo ulio kwenye chipu.

Vilevile, ufunguo wa leseni usichanganywe na ule wa BitLocker, wenye tarakimu 48, ambao hufungua diski iliyofichwa kwa msimbo. Leseni ikikosekana, hasara ni ya fedha. Ufunguo wa BitLocker ukikosekana wakati diski imejifunga, picha na hati zilizomo haziwezi kusomeka tena.

Kuhusu programu za kuvunja ulinzi, nyingi husambazwa zikiwa na virusi vinavyoiba nywila. Isitoshe, nchini Kenya programu za tarakilishi hulindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001.

Tahadhari kabla ya athari. Kabla ya kumkabidhi fundi mashine, mwenyewe aandike toleo la Windows analotumia, apige picha ya kibandiko, asome ufunguo wa chipu na kuhifadhi ufunguo wa BitLocker mahali pengine nje ya tarakilishi hiyo. Kisha amwagize fundi arudishe toleo lile lile lililokuwemo.