Sauti "ya kooni": kivumishi kilichoanza kama anwani

Mimi nipo, ila semina na maandalizi ya BTP yamenibana, ndiyo maana hapa kumepoa. Leo tuongee kuhusu kivumishi kimoja kilichowasha moto semina yetu ya fonolojia: sauti "ya kooni". Yaani ile nzito yenye mkwaruzo, kama gh ya ghali au kh ya Khamis. Mmoja alisema hizo ni sauti za Waarabu, sisi wa bara zinatuhusu nini? Mwingine akadakia kwamba anayesema "luga" hajui Kiswahili. Mimi nikaenda zangu maktaba.

Kumbe kivumishi chenyewe kina safari ndefu. Kwa Kilatini koo ni guttur. Kutoka hapo wasomi wa Ulaya wakaunda gutturalis, na Waingereza wakapata guttural. Lakini Waarabu walishatangulia. Karne ya 8, kule Basra, Al-Khalil bin Ahmad alibuni kamusi isiyofuata mpangilio wa alifu, be, te. Aliipanga kwa kufuata mahali sauti inapotokea, akianzia ndani kabisa kooni na kuishia midomoni. Herufi ya kwanza ikawa ain, na kamusi ikaitwa Kitab al-Ayn. Mpaka leo ukimuuliza aliyepita madrasa atakutajia herufi 6 za kooni: hamza, he, ain, ha, ghaini na kha. Kwa hao wazee, "ya kooni" ilikuwa anwani tu. Inakuonyesha sauti inakaa wapi, basi.

Ulaya neno likabadilika tabia. Mtu akikuambia Kijerumani au Kiarabu ni lugha "ya kooni", mara nyingi hana habari na koo la mtu. Anachosema ni kwamba lugha hiyo inamkera masikio. Anwani ikageuka hukumu. Wanafonetiki nao wakalitupa pembeni. Chama chao cha kimataifa kilianzishwa Paris mwaka 1886, na ukifungua chati yao leo hukuti safu ya guttural. Utakuta kaakaa laini, kidakatonge, koromeo na glota, kila sehemu na jina lake.

Na hapa ndipo nilipocheka. Gh yetu wala si ya kooni! Ni kikwamizo ghuna cha kaakaa laini: nyuma ya ulimi inasogelea kaakaa laini, hewa inapita kwa kubanwa, unasikia mkwaruzo. Koo linatoa mtetemo tu, kama linavyofanya kwenye b na d. Hata uzito ni jambo jingine. Sauti nzito ni ile ya chini, ya besi. Mtoto mwenye sauti nyembamba kabisa anaweza kutamka ghafla vizuri tu.

Sasa turudi kwenye Kiswahili. Katika zile herufi 6, tumebaki na ngapi? Ain imeyeyuka: ilm imekuwa elimu, aql imekuwa akili. Ha ya haki, kha ya hofu na he ya hewa zilikuwa sauti tatu tofauti kwa Waarabu, sisi tumezitia zote kwenye h moja. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi 1930. Katika tahajia sanifu tunaandika habari, heri, hamsini. Kh imebaki kwenye majina kama Khadija na salamu kama sabalkheri. Gh ndiyo imeng'ang'ania: lugha, shughuli, ghorofa.

Sasa niambieni. Anayesema "habari" badala ya "khabari" mbona hatumwiti mshamba? Wote tumeshaangusha sauti za "kooni", tena kwa baraka za kamusi. Na yule wa "sauti za Waarabu" naye asikie: Wagikuyu wanaandika g, lakini wanaitamka kwa mkwaruzo uleule wa gh yetu. Hicho ni Kibantu halisi, na sauti hiyo wanayo nyumbani.

Sisemi gh tuitupe. Ni sanifu na tutaifundisha. Ila mwezi ujao tutasimama mbele ya watoto ambao lugha za kwao hazina sauti hiyo. Ukimwambia mtoto "hujui Kiswahili", umemfunga mdomo mwaka mzima. Ukimwambia "tamka g, halafu legeza ulimi nyuma hewa ipite", umempa anwani, na atafika mwenyewe.

Haya, nakimbilia kantini kabla wali haujaisha. Wa pwani na wa bara, nitupieni maoni yenu. Tuonane wiki ijayo!