Shing'weng'we na Katuni za Watoto

Sanaa ya kuifanya michoro ionekane kutembea ni ngeni katika shule zetu, lakini haja inayoitumikia ni ya kale, nayo ni haja ya mtoto kusimuliwa hadithi. Mwanafunzi wa Shinyanga, Kahama au Geita akipewa leo kazi ya kubuni katuni fupi, aghalabu mawazo yake huelekea kwanza kwenye vipindi vya watoto alivyoviona katika televisheni. Si kosa, kwani mwanagenzi wa kila sanaa huanza kwa kumtazama fundi. Lakini yafaa ajiulize: aige nini kwa fundi huyo? Aige sura za viumbe vyake, au njia aliyoifuata hata akavipata?

Sisi tuliokulia Bara katika miaka ya 1970 na 1980 hatukuwa na vipindi hivyo. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilichelewa hadi mwaka 1994, kwa kuwa Serikali iliihesabu kuwa ni anasa ambayo wachache tu wangeifaidi. Sisi tuliizunguka redio, tukamsikiliza Debora Mwenda katika kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania. Zimwi tulilichora wenyewe akilini, na kila mtoto alikuwa na la kwake.

Huko Uingereza, mwaka 1959, Oliver Postgate na Peter Firmin walianza kuwaonyesha watoto hadithi za Noggin the Nog katika televisheni ya BBC. Sura za watu wake Firmin hakuzitoa hewani. Alizipata katika Jumba la Makumbusho la Uingereza (British Museum) huko London, kwenye sanamu za kale za mchezo wa sataranji zilizochongwa kwa pembe za mnyama wa baharini na kufukuliwa katika kisiwa cha Lewis mwaka 1831. Karakana yao nayo ilikuwa banda la ng'ombe lililoachwa, katika shamba la Firmin. Humo walisogeza vipande vya karatasi ngumu kidogo kidogo, wakapiga picha moja baada ya nyingine. Viumbe wa kipindi chao cha Clangers, kilichoanza mwaka 1969, walifumwa kwa sufu na Joan, mke wa Firmin.

Basi mafundi hao walitazama vitu vya kale vya nchi yao, wakatumia vifaa vilivyokuwa karibu. Usukumani hatukosi vitu vya namna hiyo. Vyama vya wacheza nyoka vilichora kuta za nyumba zao kwa nyoka, watu na viumbe vya ajabu, na mwaka 1953 Hans Cory alichapisha kitabu kizima juu ya michoro hiyo. Karibu na Mwanza lipo Jumba la Makumbusho la Wasukuma la Bujora, lililoanzishwa na Padre David Clement, ambalo limehifadhi mengi ya vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu.

Tena ipo hadithi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote pamoja na mifugo yao. Mwanamke mmoja mjamzito alisalimika kwa kujificha katika makapi, akamzaa Masala Kulangwa, jina linaloelezwa kuwa na maana ya mwerevu, mwepesi wa kuelewa. Kijana huyo alipoambiwa habari za zimwi akaenda kulitafuta. Aliua panzi, akamwuliza mama yake kama ndilo, akaambiwa silo. Akaua ndege, kisha paa, bado silo. Mwishowe akaliua zimwi lenyewe, akalipasua, watu wakatoka wazima. Katika kupasua alimkata bibi kizee sikio kwa bahati mbaya, naye akalazimika kumtibu.

Mchoraji na atazame jinsi hadithi hii inavyojirudia, na jinsi kila kiumbe kinavyozidi kilichotangulia kwa ukubwa. Ni msaada mkubwa kwake, kwa sababu katuni ya michoro 12 kwa sekunde hudai michoro 720 kwa dakika moja. Tukio linalorudi humwezesha kutumia tena mandhari ileile na mwendo uleule, naye mtoto anayetazama hufurahi kwa kuwa anakijua kitakachofuata.

Lakini iko sababu iliyo nzito zaidi. Katika nchi ya dhahabu, kumezwa si jambo la ngano peke yake. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata, Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya kufukiwa kwa siku 41. Mtoto aliyezaliwa na mchimbaji atamwelewa Shing'weng'we kwa haraka kuliko zimwi lolote la kuazima. Akimchora kama shimo lenye kinywa, atakuwa amesema jambo ambalo hakuna msanii wa mbali angeweza kulisema kwa niaba yake.

Ubongo Kids, kipindi kinachotengenezwa Dar es Salaam na kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014, kimethibitisha kwamba katuni za Kiswahili zaweza kufundisha hisabati na sayansi, nazo zikapendwa. Njia imekwisha funguliwa. Yatupasa walimu tumwelekeze mwanafunzi avitazame kwa makini vipindi vya watoto, vya kale na vya sasa, ajifunze ufundi wake. Kisha, kabla hajachora mstari wa kwanza, aende nyumbani kwa bibi yake na kumwomba hadithi, aiandike kama alivyoisikia, pamoja na jina la kijiji ilikosimuliwa. Hata kama katuni yake haitakamilika, hadithi hiyo itakuwa imehifadhiwa.