Chenji ya Kareem

Ukitaka kumchokoza shabiki wa Milwaukee Bucks, mtajie tarehe 16 Juni 1975. Siku hiyo timu yake ilimtoa Kareem Abdul-Jabbar, pamoja na Walt Wesley, ikawapa Los Angeles Lakers. Nayo ikapokea watu wanne: Elmore Smith, Brian Winters, na vijana wawili waliokuwa wametoka tu chuoni, Dave Meyers na Junior Bridgeman. Ukipiga hesabu ya haraka, huo ni wizi wa mchana. Kareem alikuwa na miaka 28, keshakuwa mchezaji bora wa ligi mara tatu, na ndiye aliyewaletea ubingwa wa 1971. Akiwa Lakers alibeba mataji matano zaidi. Milwaukee walisubiri hadi 2021 ndipo wakapata la pili.

Mimi nakataa kwamba walilaliwa. Wanaosema hivyo humweka Kareem upande mmoja wa mizani na wale wanne upande wa pili, kana kwamba kubaki naye lilikuwa jambo la kuamua tu. Tangu Oktoba 1974 Kareem alikuwa amewaambia wakuu wa timu kwamba anataka kuondoka, aende New York au Los Angeles. Ni kweli sheria za NBA enzi hizo zilimbana mchezaji hata mkataba wake ukiisha. Oscar Robertson, aliyetwaa naye ule ubingwa, alikuwa ameishtaki ligi kuhusu hilo tangu 1970, na kesi ilikuja kumalizwa kwa maafikiano mwaka 1976. Lakini ligi pinzani, ABA, ilikuwa na timu yake palepale New York. Milwaukee wangekaza shingo, wangeweza kubaki mikono mitupu.

Na alikuwa anakimbia nini? Si mashabiki. Jamaa alikulia New York, akasoma UCLA kule Los Angeles, akasilimu, na mwaka 1971 akaacha kuitwa Lew Alcindor. Alipenda jazi. Milwaukee, mji wa bia na baridi kali, haukuendana na maisha aliyotaka, na alilisema hilo bila kuwatukana wenyeji. Wapo waliomwona ana maringo: unalipwa vizuri, ati mji haukufai? Lakini hata kufika kwake pale mwaka 1969 kuliamuliwa kwa kurusha shilingi. Bucks na Phoenix Suns walikuwa wakigombea nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi, shilingi ikawaangukia Bucks, basi. Yeye hakuulizwa.

Msimu wa kwanza baada ya mabadilishano ulikuwa kichekesho. Kareem akawa mchezaji bora wa ligi tena, lakini Lakers walishinda 40, wakapoteza 42, wakakosa mchujo. Milwaukee walishinda 38 pekee, ila kundi lao lilikuwa dhaifu kiasi kwamba waliongoza! Yale mataji matano hayakuanza hadi 1980, baada ya Magic Johnson kuwasili.

Wale wanne je? Smith hakukaa, mwaka 1977 alishahamishwa tena. Meyers alistaafu mapema mwaka 1980 kwa ajili ya familia na imani yake. Winters alikuwa mlengaji hatari. Jezi yake namba 32 imetundikwa, hakuna mwingine wa kuivaa.

Bridgeman ndiye anayenifurahisha. Mara nyingi alianzia benchi, na mwaka 1984 naye akahamishwa, akaenda Clippers, kabla ya kurudi kumalizia Milwaukee. Alipoacha kucheza alinunua migahawa ya Wendy's, mmoja baada ya mwingine, kisha akaingia kwenye biashara ya kujaza soda za Coca-Cola. Akawa bilionea. Mwaka 2024 alinunua asilimia 10 ya Bucks, na alipofariki Machi 2025, yule aliyeletwa kama chenji ya Kareem alikuwa mmoja wa wenye timu.