Akupresha ya mkono

Akupresha ya mkono ni tiba ya jadi ya Uchina ambayo mganga, au mgonjwa mwenyewe, hubonyeza nukta maalumu za mkono kwa kidole, bila sindano. Kwa nadharia yake, nguvu ya uhai iitwayo qi hupita mwilini katika njia kuu 12, na 6 kati ya hizo huanzia au huishia kwenye vidole vya mikono. Uchunguzi wa maiti na wa hadubini haujapata kuzithibitisha njia hizo.

Nukta mashuhuri kuliko zote ni Hegu, ya 4 katika njia ya utumbo mpana. Ukibana kidole gumba na cha shahada pamoja, nyama hutuna nyuma ya kiganja. Penye kilele cha kituta hicho ndipo penyewe. Hubonyezwa kwa maumivu ya kichwa na ya meno hadi mtu ahisi uzito au ganzi. Wajawazito hukatazwa, kwa kuwa jadi huiona kuwa huchochea uchungu wa kuzaa.

Nukta nyingine, Neiguan, iko upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole 3 juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya kano 2. Hii imechunguzwa sana hospitalini, na ushahidi uliopo, japo si imara, unaonyesha kwamba hupunguza kichefuchefu baada ya upasuaji. Vikuku vyenye kitufe kigumu cha kuibonyeza huvaliwa na wasafiri wanaougua bahari.

Tiba hii isichanganywe na mfumo wa Kikorea wa Yoo Tae-woo, unaouchukulia mkono kuwa ramani ya mwili mzima.