Mtumba: Kutoka Bega la Mpagazi hadi Meza ya Gikomba

Neno mtumba, ambalo leo hueleweka Nairobi na Dar es Salaam kuwa ni nguo iliyokwisha kuvaliwa ng'ambo, halikuwa na maana yoyote ya ukuukuu lilipotumika katika njia za misafara ya karne ya 19. Wakati huo mtumba ulikuwa furushi la bidhaa, aghalabu vitambaa, lililofungwa kwa kadiri ya bega la mpagazi, yaani mchukuzi aliyekwenda kwa miguu kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, na kilichokuwamo ndani kilikuwa kipya. Humo mlikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kilichoitwa hivyo kwa kuwa kilitoka katika viwanda vya Marekani na kuletwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, hasa baada ya mkataba wa biashara wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar. Jina lilishika furushi wala si kilichofungwa ndani yake, na kwa hiyo liliweza kubaki lilelile hata pale jora jipya lilipopisha shati la mtu mwingine.

Chimbuko la mashati hayo ni sadaka. Taasisi za hisani kama Goodwill, iliyoanzishwa Boston mwaka 1902 na mchungaji Edgar Helms, na Oxfam, iliyofungua duka Broad Street mjini Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940, zilipokea nguo za kupewa na kuziuza ili kupata fedha za misaada. Na kadiri nguo zilivyozidi kuwa rahisi katika nchi tajiri, ndivyo michango ilivyozidi uwezo wa maduka kuiuza, na ziada ikawa bidhaa ya kuuzwa kwa kilo.

Nchini Tanzania bidhaa hiyo ilichelewa kupewa ruhusa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 serikali iliweka matumaini yake katika viwanda vya ndani, kikiwamo Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China, na nguo za mitumba zilizopenya zilipewa jina la kejeli, kafa Ulaya, kana kwamba mwenyewe alikuwa marehemu wa huko. Mambo yalibadilika mwaka 1984, waagizaji waliporuhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, na zaidi chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye wananchi walimwita Mzee Ruksa. Kenya nayo ililegeza masharti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni desturi kusema kwamba mitumba iliua viwanda, lakini dai hilo ni la nusu tu, kwani viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kudhoofika kwa uhaba wa vipuri, umeme na fedha za kigeni kabla shehena hazijajaa bandarini.

Kilichozaliwa sokoni ni ustadi wa kuchagua. Mfanyabiashara wa Gikomba, soko la mitumba jijini Nairobi, hununua belo, ambalo Tanzania huitwa robota, lenye uzito wa kawaida wa kilo 45, likiwa limefungwa kwa mikanda na bila yeye kuona zaidi ya maandishi ya aina ya nguo, hivi kwamba malipo yake yana kiasi fulani cha bahati nasibu. Belo likifunguliwa, macho huwahi kuliko mikono: nguo bora, ziitwazo kamera, huondolewa mapema na wachuuzi wanaojua mshono, lebo na uzito wa kitambaa kwa kuvigusa tu, huku masalia yanayoitwa fagia yakiishia kurundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Tofauti ya bei kati ya vitu viwili vilivyotoka katika furushi moja hulipia jicho la mchaguzi, si pamba.

Wanasiasa hawakuutazama ustadi huo. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafiki kuondoa mitumba hatua kwa hatua, lakini wauzaji wa Marekani walipolalamika, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda, iliyokuwa imepandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, ilishikilia msimamo wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi Marekani bila ushuru.

Wakati huohuo umri wa nguo, uliokuwa aibu katika enzi ya kafa Ulaya, umegeuka sifa. Vijana wa mijini huchambua kamera, huifua, huipiga picha na kuiuza upya mtandaoni, na miongoni mwa vinavyosakwa na wakusanyaji duniani ni suruali za Levi's zilizoshonwa Marekani kabla kampuni hiyo haijafunga viwanda vyake vya mwisho huko mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mchaguzi anayeipata moja kati ya hizo ndani ya belo huwa ameshika, kwa jina la zamani kabisa, merikani.